Je, wajua kwa nini Kanada iliilipia akili mnemba wakati wengine wameshaikatia tamaa?

Mwaka 2012, katika nyumba ya wazazi wake, kijana anayeitwa Alex Krizhevsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliiacha kompyuta ikinguruma chumbani kwake usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Ndani yake alikuwa amechomeka kadi mbili za picha, zile ambazo wapenda gemu hununua ili michezo yao isikwamekwame kwenye skrini. Kompyuta ilikuwa ikipitia picha milioni 1.2, ikimaliza inaanza upya: mbwa, meli, uyoga, chui. Baadaye kazi hiyo iliingizwa kwenye shindano la kutambua picha liitwalo ImageNet. Kila mshindani aliruhusiwa kutoa majibu matano kwa kila picha. Programu ya Krizhevsky na wenzake ilikosea picha 15.3 katika kila 100. Iliyoshika nafasi ya pili ilikosea 26.2.

Habari nyingi za akili mnemba (wengine husema akili bandia) huanzia kwenye shindano hilo. Mimi nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo huulizwa mara chache: kabla ya ushindi ule, mkate wa watafiti hawa ulikuwa ukilipiwa na nani? Sehemu kubwa ya jibu ni mlipa kodi wa Kanada, na alianza kulipa miaka 25 kabla.

Kwanza tuelewe kilichokuwa kinalipiwa. Bibi anapomfundisha mjukuu kuchambua mchele hamwandikii kanuni. Anampa ungo, anakaa pembeni. "Hiyo chuya, toa. Hilo jiwe, toa. Hapana, huo ni mchele, rudisha." Mtoto hukosea mara nyingi, kila kosa linamrekebisha kidogo, na baada ya siku kadhaa vidole vyake vinajua jiwe hata kabla hajalifikiria. Mtandao wa neva wa kompyuta hujifunza kwa namna hiyohiyo. Ndani yake kuna mamilioni ya namba ndogondogo. Unaionyesha kompyuta picha, inataja jina, ikikosea kila namba inasogezwa kidogo kuelekea jibu sahihi. Ule wa chumbani kwa Krizhevsky ulikuwa na namba za aina hiyo milioni 60. Hivyo kujifunza huko kunahitaji vitu viwili kwa wingi: mifano, na mashine ya kuirudia mifano hiyo bila kuchoka.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1958, Frank Rosenblatt wa Marekani alitangaza mtambo wake ulioitwa Perceptron, na aliyelipa ni Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Ahadi zilikuwa kubwa mno, matokeo madogo, na fedha zikahamia kwenye njia nyingine. Uingereza nayo, mwaka 1973, mwanahisabati James Lighthill aliandika ripoti kwa baraza la serikali lililokuwa likigawa fedha za sayansi. Alisema waziwazi kwamba akili mnemba haijatimiza ilichoahidi. Baada ya ripoti hiyo fedha zikakatwa karibu nchi nzima, vikabaki vyuo vichache tu. Watafiti wenyewe wanavikumbuka vipindi vya aina hii kama kipupwe.

Mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo, kijana Geoffrey Hinton, ambaye baadaye angekuwa mwalimu wa Krizhevsky, alikuwa ameanza masomo ya uzamivu Edinburgh, akiwa ameshikilia wazo la mitandao ya neva ambalo wengi walimshauri aliache. Baadaye akaenda Marekani. Huko fedha zilikuwepo, ila nyingi zilipitia Wizara ya Ulinzi, na Hinton hakutaka kufanya kazi kwa fedha za jeshi. Mwaka 1987 akahamia Toronto.

Kilichomvuta ni taasisi moja ya utafiti ya Kanada iitwayo CIFAR, iliyoanzishwa mwaka 1982. Inajiendesha yenyewe, lakini sehemu kubwa ya fedha zake hutoka serikali kuu ya Kanada na serikali za majimbo. Utaratibu wake ndio unaonivutia zaidi katika habari hii yote. CIFAR ilichagua watu, ikachangia mishahara yao ili vyuo viwapunguzie vipindi vya kufundisha, kisha ikawaacha wafanye kazi. Yeyote aliyewahi kuandika andiko la mradi anaelewa uzito wa jambo hilo. Andiko la kawaida lina sehemu ya matokeo yanayotarajiwa, lina muda wa miaka miwili au mitatu, lina ripoti za kila robo mwaka. Mwaka wa kwanza unaisha katika manunuzi, wa tatu unaisha katika kutafuta mradi mwingine. Kwa mpango wa namna hiyo mitandao ya neva isingefika popote, maana kwa miaka mingi haikuwa na matokeo ya kujaza kwenye ripoti.

Hinton aliondoka kwenda London mwaka 1998 na kurudi Toronto mwaka 2001. Mwaka 2004 CIFAR ikamkabidhi mpango mpya wa utafiti uliowakutanisha watu wachache waliokuwa bado wanaliamini wazo hilo, akiwemo Yoshua Bengio wa Montreal na Yann LeCun wa New York. Wakati huo mtafiti wa mitandao ya neva alikuwa kama mpenzi wa muziki uliokwisha kupigwa redioni. Kupata chumba chenye watu ishirini wanaojua unachozungumza ilikuwa ni msaada mkubwa kuliko kifaa chochote. Watatu hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2018, ambayo ndiyo heshima kubwa kabisa katika sayansi ya kompyuta. Hinton akaongeza Nobel ya Fizikia mwaka 2024, akigawana na John Hopfield.

Hadi hapo mtu atasema Kanada imekula matunda. Haikuwa hivyo. Miezi michache baada ya shindano la ImageNet, Google ikainunua kampuni ndogo ambayo Hinton aliianzisha na wanafunzi wake wawili, Krizhevsky na Ilya Sutskever. Mwaka 2015 Sutskever akawa miongoni mwa waanzilishi wa OpenAI ya San Francisco, waliotengeneza ChatGPT. Wanafunzi wengi walifuata njia hiyo ya kusini. Mshahara ulikuwa mmoja wa sababu. Sababu nyingine, ambayo nadhani haipewi uzito unaostahili, ni mashine.

Mwaka 2017 serikali ya Kanada ikajaribu kuwazuia watu wasiondoke. Ilitenga dola za Kanada milioni 125 kwa mkakati wa taifa wa akili mnemba, ikaukabidhi kwa CIFAR ileile, na fedha zikaenda kwenye vituo vitatu: Vector wa Toronto, Mila wa Montreal na Amii wa Edmonton. Nyingi zililipia watafiti na wanafunzi wao. Mwaka 2021 zikaongezwa milioni 443.8 kwa miaka kumi.

Halafu mahesabu yakabadilika. Krizhevsky alitumia kadi mbili. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilieleza kwamba modeli yake kubwa (yaani mtandao wa neva uliokwisha kufunzwa), Llama 3.1, ilifunzwa kwa kadi hadi 16,000, tena kila moja ina nguvu mara nyingi kuliko zile za chumbani. Hakuna chuo kinachonunua kadi 16,000, wala mzazi atakayekubali bili hiyo ya umeme. Ndiyo maana Aprili 2024 serikali ya Kanada ilipotangaza dola bilioni 2.4 za akili mnemba, bilioni 2 kati ya hizo zilikuwa za mashine. Mwaka huohuo Marekani ilianza majaribio ya mpango wa kuwapa watafiti wa vyuo muda wa kutumia kompyuta kubwa za umma na za kampuni. Ulaya nayo imeshirikiana kujenga kompyuta kama LUMI, iliyoko Kajaani, Finland, ambayo joto lake hupelekwa kwenye mabomba ya kupashia nyumba za mji huo.

Fedha za Kanada zimefika pia kwetu, na hili watu wengi hawalijui. Kupitia shirika lake la utafiti wa maendeleo, IDRC, nchi hiyo ilishirikiana na Sweden kuanzisha mpango wa AI4D mwaka 2020, dola za Kanada milioni 20 kwa miaka minne. Moja ya maabara zake iko Chuo Kikuu cha Dodoma. IDRC ilikuwa pia miongoni mwa wafadhili wa kwanza wa Mfuko wa Lacuna, na mfuko huo ndio uliolipia Kencorpus, hazina ya lugha iliyokusanywa na watafiti wa vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene.

Kumbuka ungo wa bibi: bila mifano hakuna kujifunza, na kwa lugha zetu mifano ilikuwa haba. Watafiti hao walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, hiki cha mwisho katika lahaja za Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Wakapata maneno milioni 5.6 na saa 177 za watu wakizungumza. Lugha kubwa za dunia zina mifano maelfu ya mara zaidi ya hiyo, na mashine ya kuirudia mifano yetu mara nyingi bado hukodishwa kwa saa, kwa dola, kutoka nchi za mbali. Lakini saa hizo 177 zipo, na mwanafunzi wa Kisumu au Dodoma anaweza kuanzia kazi yake hapo.