Sio taa ya pancha, ni taa ya upepo

Jumamosi nilikuwa kwa fundi pancha nasubiri zamu yangu, akaingia kaka mmoja na gari lake, hata salamu hajamaliza anasema fundi taa ya pancha imewaka nitafutie msumari. Kijana wa watu akafungua matairi yote manne, moja moja analizamisha kwenye beseni la maji, analizungusha taratibu huku ameinamisha uso anatafuta mapovu, karibu saa nzima, hakuna povu hata moja. Yule kaka akaondoka analalamika sensa za siku hizi feki. Hilo jina "taa ya pancha" nimelisikia mara nyingi mno na kila mara linampoteza mtu, kwa hiyo naomba nieleze.

Ile alama ya njano kama kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati ni ya TPMS, yaani mfumo wa kufuatilia presha ya tairi. Kwenye magari mengi kuna kidude cheusi ndani ya rimu, ndio sensa yenyewe, kimeshikana na vali, kina kipimo cha presha, betri na redio ndogo. Gari likianza kutembea kinaamka, kinapima, kinarusha namba kwa mawimbi ya redio, megahezi 315 kwa magari mengi ya Marekani na 433 kwa ya Ulaya, gari linapokea. Bluetooth hapo haihitajiki wala bando. Betri ikiisha, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 10, unabadilisha kidude kizima maana imezibwa humo humo.

Sasa jina. Pancha ni tundu. Presha ni kitu kingine kabisa, na nadhani tunachanganyikiwa kwa sababu presha tumeizoea ya hospitali, ukisema mzee ana presha kila mtu anajua imepanda, wakati kwenye tairi shida kubwa ni kushuka. Vitabu vya sayansi vina neno zuri sana, kanieneo, yaani kani na eneo zimeunganishwa, nguvu inayosukuma kwenye eneo fulani, na ukiangalia ile psi ya kwenye geji ndio hivyo hivyo, pauni kwa kila inchi mraba. Mtaani tunasema upepo, na ingawa upepo ni hewa inayotembea na ya kwenye tairi imefungiwa, mimi silipingi hilo neno, maana angalau linataja kile kinachopimwa. Pancha halipimwi! Sensa haijui msumari ni nini, inachojua ni kwamba namba imeshuka.

Na namba inashuka kwa sababu nyingi. Jaza upepo saa nane mchana tairi likiwa limetoka barabarani la moto, halafu lala Njombe mwezi wa saba, asubuhi baridi imeibana ile hewa na taa inaweza kuwaka, tundu hakuna. Hata sheria yenyewe ya kulazimisha magari yawe na mfumo huu haikuletwa na misumari. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000 baada ya matairi ya Firestone kubanduka kwenye Ford Explorer na watu wengi kufa, maana tairi lenye upepo mdogo linajikunja sana likikimbia, linapata moto, linaachia. Na kule kiwango cha kuwasha taa ni presha ikishuka asilimia 25 chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Yaani kama kibandiko kinasema 32, taa inaweza kukaa kimya mpaka 24. Uko 26 unaenda safari ndefu na familia, gari limejaa mizigo, na taa haijasema kitu.

Halafu kuna magari hayana kidude chochote kwenye rimu, na hapa hata mafundi wanabishana. Hayo yanatumia sensa za ABS, yaani za mfumo wa breki unaozuia tairi lisijifunge, kuhesabu mizunguko, tairi lililopungua upepo linakuwa fupi kidogo kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake, gari linahisi tofauti. Hapo presha haipimwi kabisa, inakisiwa. Matairi yote manne yakipungua sawasawa mfumo wa namna hiyo unaweza usione kitu, na ukibonyeza kitufe cha kuuanzisha upya kabla hujajaza, unaufundisha kwamba upungufu ndio sahihi. Mfumo wa kwenye gari lako ni upi, ulizia kabla hujanunua sensa. Na taa ikiwaka kwa kupepesa kama dakika moja halafu ikabaki imewaka, hapo mfumo wenyewe una hitilafu.

Basi ndugu zangu, tuiite taa ya upepo. Ukimwambia fundi taa ya upepo imewaka, cha kwanza atachukua geji apime matairi yakiwa ya baridi, atajaza kwa namba ya kwenye kibandiko, na tairi litakaloshuka tena kesho yake ndio hilo la kuzamisha kwenye beseni.