Mvinyo mwepesi unaoishi miaka mingi: dhana potofu kuhusu pinot noir

Kwenye meza nyingi za Moshi na Arusha, mvinyo mwekundu unaoheshimiwa ni ule mzito, mweusi kama wino, wenye utamu kidogo na chupa nene. Pinot noir, mvinyo mwekundu wa zabibu yenye jina hilohilo, ikiletwa, hasa ile ya mtengenezaji mdogo anayefanya kazi peke yake, huhukumiwa kabla haijaonjwa: rangi hafifu, lebo isiyo na mapambo, bei ya kushtua. Mimi naipenda kuliko mvinyo mwingine wowote, na naona inaonewa. Mengi tunayoambiana juu yake hayana msingi, na baadhi yake yanatufanya tuharibu chupa nzuri kwa mikono yetu wenyewe.

"Rangi yake ni hafifu, hii imechakachuliwa"

Hii ndiyo dhana inayoongoza. Mhudumu anamimina, mteja anainua glasi kwenye taa, anaviona vidole vyake upande wa pili, na hapo hapo anasema imetiwa maji.

Rangi ya mvinyo mwekundu haitoki kwenye maji ya zabibu. Chukua zabibu nyekundu za kawaida, zikamue upesi, utapata maji yasiyo na wekundu. Champagne nyingi hutengenezwa kwa pinot noir, ikichanganywa na chardonnay na meunier, nayo ni nyeupe. Wekundu unatoka kwenye ganda, na ganda la pinot noir ni jembamba, lenye rangi chache kuliko la zabibu kama cabernet sauvignon. Mtengenezaji anayeiheshimu haikamui kwa nguvu ili apate weusi, kwa sababu akifanya hivyo atapata ukakasi mchungu na kupoteza harufu.

Kinachoufanya mvinyo udumu ni ugwadu, ukakasi na wingi wa ladha ya tunda, vikiwa vimepimana vizuri. Pinot noir hustawi kwenye nchi za baridi, na zabibu zinazoiva polepole katika baridi hubaki na ugwadu wake. Ukakasi wake si mwingi, lakini watengenezaji wa kizamani huchachusha vichala vizima pamoja na vikonyo, na vikonyo hivyo huongeza ukakasi na harufu kama ya viungo. Ndiyo maana huko Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, mvinyo mzuri wa ngazi ya kijiji, yaani wa zabibu za mashamba ya kijiji kimoja, huwa na raha yake baada ya miaka 5 hadi 10, na ule wa mashamba ya daraja la juu kabisa unaweza kuendelea miaka 20 au 30 ukitokana na mavuno mema.

Kuna mfano ninaoupenda kutoka Marekani. David Lett alipanda pinot noir kwenye bonde la Willamette, Oregon, katika miaka ya 1960, mahali ambapo wengi waliona pana baridi na mvua kupita kiasi kwa kazi hiyo. Mvinyo wake haukuwa mweusi hata kidogo. Ule wa mavuno ya 1975 ulipelekwa Paris mwaka 1979 kushindanishwa na wa Wafaransa, ukafanya vizuri kiasi kwamba Robert Drouhin, mfanyabiashara mkubwa wa mvinyo mjini Beaune, aliandaa marudio mwaka 1980. Safari hiyo ulishika nafasi ya pili, nyuma kidogo sana ya mvinyo wa Drouhin mwenyewe wa mavuno ya 1959.

Ikiwa changa, pinot noir hunukia stroberi, forosadi, wakati mwingine plamu za Lushoto zilizoiva. Ikikaa miaka kumi na zaidi mahali pazuri, tunda linarudi nyuma na mengine yanajitokeza: majani makavu ya chai, uyoga, ngozi, udongo wa msitu wa Rau baada ya mvua. Rangi nayo hugeuka kuelekea tofali. Mtu asiyejua atasema umeharibika, kumbe umefika.

"Mtu mmoja hawezi kushindana na kiwanda"

Ajabu ni kwamba dhana hii naisikia kwa watu waliokulia kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Uchagani hakuna anayeuliza mbege imetoka kiwanda gani. Anauliza kapika nani. Mkono wa mpikaji unajulikana: jinsi alivyoivisha ndizi, alivyoutendea ulezi, kiasi cha msesewe, gome chungu la mti, alichotia. Mbege hunywewa ikiwa changa na pinot noir husubiri miaka, lakini swali la kwanza ni lilelile.

Tazama hesabu. Kwenye mashamba mazuri ya Bourgogne hupandwa takriban mizabibu 10,000 kwa hekta. Yale ya daraja la juu hutoa karibu hektolita 35 (lita 3,500) kwa hekta, yaani chupa 4,600 hivi. Gawanya uone: mzabibu mmoja hautoi hata nusu chupa. Mwenye hekta tatu ana mizabibu 30,000 ya kupogoa wakati wa baridi kali, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi anaipogoa yeye mwenyewe. Msimu wa mavuno huita vibarua, maana zabibu hazisubiri, lakini uamuzi wa siku ya kuvuna ni wake. Kisha zinaingia kwenye matenki, na maganda yanayoelea juu lazima yashushwe ndani mara kwa mara, kwa mti maalumu au kwa miguu. Baada ya hapo ni mapipa ya mwaloni ya lita 228, kila moja chupa 300 hivi. Pipa hupungua kwa mvuke, na asiyelijaza mara kwa mara ataingiza hewa na kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Zabibu hii hasa ndiyo inayolipa uangalizi wa namna hiyo. Vichala vyake vimebanana, kwa hiyo unyevu ukiingia vinaoza. Huchipua mapema, kwa hiyo baridi ya ghafla ya masika ya Ulaya huikuta ikiwa na machipukizi mabichi. Aprili 2021 barafu iliteketeza sehemu kubwa ya mavuno ya Bourgogne, na mwenye vipande viwili vya shamba hakuwa na kingine cha kuegemea. Kiwanda kikubwa huchanganya mvinyo wa mashamba mengi na kuficha kasoro. Mtu mmoja mwenye mapipa machache hana pa kuficha.

Wala udogo huo si dalili ya umaskini. Clos de Vougeot, shamba maarufu lililoanzishwa na watawa wa Kisistersiani, lina hekta 50 hivi na wamiliki wapatao 80. Mapinduzi ya Ufaransa na sheria za urithi zilizofuata zilikatakata mashamba hayo kizazi baada ya kizazi. Henri Jayer, mtengenezaji wa kijiji cha Vosne-Romanée huko Bourgogne, aliyefariki mwaka 2006, alijijengea jina kwa Cros Parantoux, kipande cha takriban hekta moja tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kililimwa mboga; yeye akakifyeka, akavunja miamba, akapanda pinot noir upya. Leo chupa zake ni miongoni mwa zinazouzwa ghali zaidi duniani.

Lakini tusiende upande wa pili na kudhani kwamba kila mvinyo wa mtu mmoja ni bora, au kwamba hauna kemikali yoyote. Uchachukaji wenyewe huzalisha kidogo salfaiti, kemikali inayozuia mvinyo kuharibika, na wengi wa watengenezaji wa kizamani huongeza kiasi kidogo ili mvinyo uweze kukaa. Asiyeongeza kabisa anabahatisha, hasa kama chupa zinasafiri mbali. Na pipa moja chafu kwa mwenye mapipa kumi ni hasara ya sehemu ya kumi ya mavuno. Muulize muuzaji chupa hiyo imetengenezwa na nani na imetoka shamba gani. Akishindwa kujibu, bei kubwa isikushawishi kununua.

"Mvinyo wowote ukizeeka unakuwa mzuri zaidi"

Hapana. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani umetengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache tangu mavuno. Mvinyo wa Dodoma, ninaouheshimu, ni hivyo pia: kule mizabibu haina kipindi cha baridi cha kulala, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na raha ya mvinyo wake iko kwenye uchanga. Kuuweka kabatini miaka minane kusubiri ubarikio wa mtoto ni kuunyima heshima yake.

Hata mvinyo wenye uwezo wa kuzeeka hauzeeki vizuri popote. Unataka mahali penye giza, patulivu, penye nyuzi joto 12 hadi 14 mwaka mzima. Moshi mjini, Januari na Februari, mchana hupita nyuzi 30. Chupa iliyokaa juu ya kabati la sebuleni misimu miwili ya namna hiyo imepikwa: tunda linakuwa kama jamu iliyoungua, harufu inakufa, na wakati mwingine kizibo kinasukumwa juu na mvinyo kuvuja kandokando. Ukiona kizibo kimeinuka au shingo ya chupa inanata, iache dukani. Iache pia ile iliyosimama miezi mingi chini ya taa kali au karibu na dirisha la jua, hata kama lebo ni ya kifahari.

Arusha kuna nafuu, kwa sababu mji uko juu zaidi na Juni na Julai kuna baridi ya kweli, lakini nafuu si sawa na ghala. Asiye na kabati maalumu la kupoza mvinyo afanye hivi: chupa ya kunywa ndani ya miezi michache iwekwe kwenye friji ya kawaida. Ni kavu na ni baridi kupita kiasi, ndiyo, lakini haiui mvinyo kama sebule ya Pasua au Majengo, mitaa ya Moshi, mwezi Februari. Mwenye nyumba ya wazazi Kibosho, Machame au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro yenye baridi, ana bahati. Chumba cha upande usiopigwa na jua, chupa zimelazwa ndani ya boksi sakafuni, kinafaa kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa miaka kumi, hapana. Ukitaka pinot noir iliyokomaa hapa kwetu, njia salama ni kuinunua ikiwa imekomaa tayari kwenye ghala la baridi, au kununua kabati.

Jambo jingine linalowapotosha watu: pinot noir nyingi nzuri hupita kipindi cha ukimya miaka michache baada ya kutiwa kwenye chupa. Harufu inajificha, mdomoni unabaki ugwadu tu. Ukiifungua wakati huo utadhani umeibiwa. Ukiweza, nunua chupa tatu za mavuno yaleyale badala ya tatu za aina tofauti, uzifungue kwa kuachana miaka.

"Pinotage ndiyo pinot noir ya Afrika Kusini"

Pinotage ni mtoto wake. Profesa Abraham Perold aliipata Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha pinot noir na cinsaut, zabibu nyingine nyekundu. Ni nyeusi zaidi na ina ukakasi zaidi, na haifanani na mzazi wake kwenye glasi. Pinot noir halisi ya Afrika Kusini ipo. Itafute kwenye chupa za bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na Hermanus, ambako upepo wa bahari ya baridi unaisaidia.

"Mvinyo mwekundu unaongeza damu"

Hii inaumiza watu, nami naichukia. Mvinyo una madini ya chuma kidogo sana, na tanini zake, zile zinazoleta ukakasi, hupunguza uwezo wa mwili kufyonza chuma kutoka kwenye chakula. Mama aliyejifungua apewe mtori wenye nyama na vidonge alivyoandikiwa hospitali. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya. Anayekunywa pinot noir anakunywa kwa ajili ya ladha, na kidogo kinatosha. Kama unataka damu, nenda kapime.

"Mvinyo mwekundu haupozwi"

Kanuni ya kuunywa kwa joto la chumbani ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye baridi. Chumba chetu si hicho. Pinot noir inanyweka vizuri kwenye nyuzi 13 hadi 16. Ikifika 25 kileo kinapanda puani na kila kitu kingine kinazama. Iweke kwenye friji nusu saa hivi kabla ya kumimina.

"Mashapo chini ya chupa ni uchafu"

Ni rangi na tanini zilizoshikana kwa miaka na kuzama, na kwa mvinyo usiochujwa huwa mengi zaidi. Simamisha chupa wima siku moja kabla. Fungua bila kuitikisa, mimina polepole huku ukimulika shingo kwa tochi ya simu, na uache kiasi cha vidole viwili chini. Kufungua kizibo na kuacha chupa "ipumue" mezani hakusaidii sana, kwa sababu eneo linaloguswa na hewa ni dogo kama sarafu. Pinot noir changa unaweza kuimimina kwenye jagi saa moja mapema. Ya zamani sana usiithubutu hivyo: harufu yake ni nyepesi na huisha upesi, kwa hiyo itoke chupani moja kwa moja kwenye glasi kubwa. Chakula kiwe kimeshafika, ndizi nyama au kuku wa kienyeji aliyechemshwa na uyoga, na pilipili ibaki jikoni.