Una kijito, au bati linalopigwa jua? Serikali inakupa nini ukizalisha umeme

Mteja wa kawaida wa mjini hapa Tanzania akinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa shilingi 10,000, siku ambayo kodi ya jengo haikatwi, anapata uniti 28 na nukta kidogo. Wengi wetu tunabonyeza zile tarakimu ishirini kwenye mita kisha tunafuta ujumbe. Safari ijayo usiufute. Shuka nao mpaka chini uone mgawanyo: umeme wenyewe shilingi 8,196.72, VAT 1,475.41, EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji) 81.97, REA 245.90, yaani 3% ya bei ya umeme wenyewe.

Hiyo ya mwisho haibaki TANESCO, shirika la umeme la Taifa. Inakwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 na kusimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi 2007. Sehemu kubwa ya fedha za Mfuko tunaiona kwa macho: nguzo na transfoma zinazoingia vijijini. Lakini sheria ileile inaruhusu Mfuko kutoa ruzuku kwa mtu au kikundi kinachozalisha umeme chenyewe na kuusambaza kwa majirani. Hilo halisemwi sana, ndiyo maana kila nikienda Nyanda za Juu Kusini nakutana na swali lilelile. Mara ya mwisho aliniuliza mzee mmoja wilayani Ludewa, tukiwa tumesimama ukingoni mwa kijito kinachopita chini ya shamba lake: "Mwanangu, mto ninao. Serikali itanipa shilingi ngapi?"

Nilimjibu hivi: "Mzee wangu, kwa kuwa na mto tu, hata mia hupewi. Ukiuza umeme wake, hapo tunaweza kuzungumza."

Kabla ya kuzungumza tulipima. Kupima kijito hakuhitaji mashine ya mamilioni. Tulichagua mahali paliponyooka, tukahesabu mita kumi kando ya maji, mjukuu wake akatupia gunzi la mahindi mimi nikiwa nimeshika saa. Lilifika baada ya sekunde 20, yaani nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo tunapunguza mpaka 0.4. Kijito kilikuwa na upana wa mita moja na kina cha sentimita 25. Zidisha vyote: lita 100 kwa sekunde. Kutoka pale hadi bondeni maji yanashuka mita 20. Nguvu ya maji hayo ni kama kilowati 19.6, lakini bomba, mashine na jenereta havirudishi zote. Mtambo mdogo uliotengenezwa vizuri ukikupa kilowati 12, umeushukuru. Kilowati 12 zinawasha taa, simu, redio na televisheni za kitongoji kizima. Ukiwasha na mashine ya kusaga saa moja usiku, kitongoji kinaingia gizani.

Ilikuwa Oktoba, na mwezi huo ndio wa kupimia. Anayepima Machi anapima mvua, si mto.

Sasa kivutio cha kwanza, ambacho kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote ingawa hakina noti ndani yake: kuondolewa urasimu kulingana na udogo wako. Chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, mtambo usiofika megawati 1 hauhitaji leseni ya EWURA. Unajisajili tu. Ukiwa chini ya kilowati 100, kama mzee wetu, unahesabiwa mzalishaji mdogo sana, na kanuni zilikuacha upatane bei na wateja wako bila kupeleka mahesabu EWURA yakaguliwe, ingawa 2020 Serikali iliingilia, kama tutakavyoona. Kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10 wewe ni mzalishaji mdogo, na hapo ndipo penye utaratibu wa kuiuzia TANESCO.

Utaratibu huo una historia ya kuvutia. Marekani, mwaka 1978, ilipitisha sheria iliyolazimisha kampuni za umeme zinunue kutoka kwa wazalishaji wadogo kwa bei ya gharama ambayo kampuni imeepuka: kama bila wewe ningechoma mafuta ya shilingi mia, nakulipa mia. Ujerumani ikaja na wazo lake, sheria iliyoanza kutumika 1991 kisha ile ya 2000: kila aina ya chanzo na bei yake, imefungwa kwa miaka 20, mkulima mwenye paneli juu ya banda la ng'ombe ajue leo atapata nini hadi mtoto wake aoe. Thailand nayo ikaandaa mkataba mmoja wa mfano kwa wazalishaji wote wadogo. Sisi tuliiga Thailand kwa mkataba na Marekani kwa bei, kisha 2015 tukasogea upande wa Ujerumani.

Mkataba wa mfano maana yake huajiri wakili wa kubishana na shirika kubwa kipengele kwa kipengele. Karatasi imeshaandikwa, EWURA imeshaidhinisha, bei imetangazwa, unajaza jina na mto. Benki nayo haina sababu ya kuusoma upya kila mara. Ukiwahi kukaa mezani na mnunuzi ambaye yuko peke yake nchi nzima, utaelewa kwa nini naiweka karatasi hii juu ya ruzuku.

Bei zenyewe ziliwabana watu kwa namna ambayo haikutegemewa. Mwaka 2012, kwa anayeuzia gridi ya Taifa, wastani ulikuwa shilingi 152.54 kwa uniti, lakini haikulipwa hivyo mwaka mzima. Agosti hadi Novemba ilikuwa 183.05. Miezi mingine 137.29. Mantiki yake ni safi: kiangazi mabwawa makubwa yanapungua, TANESCO inachoma mafuta, umeme wako una thamani zaidi. Ila mwenye kijito naye kiangazi hana maji! Anauza umeme mwingi wakati wa bei ndogo na kidogo wakati wa bei nzuri. Walionufaika zaidi na mpangilio ule ni wenye kuchoma mabaki ya miwa au magogo, kama kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi na Tanwat ya Njombe, ambao hawasubiri mvua.

Marekebisho ya 2015 yalitambua hilo. Bei za maji na za tungamotaka, yaani kuni na mabaki ya mimea, zikatenganishwa, na mtambo ukiwa mdogo ndivyo bei ya uniti ilivyokuwa kubwa, kwa sababu ukuta wa kuzuia mto na mita ya bomba havipungui gharama sawasawa na ukubwa wa mashine. Jua na upepo vikapelekwa kwenye zabuni, mwenye bei ndogo apate.

Kwa anayetaka kuona kwa macho, aende Mufindi kwenye mtambo wa Mwenga, megawati 4, ulioanza 2012. Unaiuzia TANESCO na hapohapo unasambaza umeme kwenye vijiji vya jirani. Au ashuke Ludewa, Mawengi, ambako mtambo wa kilowati 300 unaendeshwa na umoja wa watumiaji wenyewe. Au aende Ruvuma, ambako Masista Wabenediktini wa Chipole walizindua mtambo wa Tulila, megawati 5, mwaka 2015. Wakati ule Songea haikuwa kwenye gridi ya Taifa, mji uliendeshwa na majenereta ya dizeli. Kwa gridi za dizeli kama ile, bei iliyotangazwa 2012 ilizidi shilingi 400 kwa uniti, kwa sababu gharama inayoepukwa ni ya mafuta yaliyosafirishwa kwa lori. Njia kubwa ya Makambako hadi Songea ikakamilika 2018.

Hapo ndipo penye swali ambalo kila mwenye mtambo wa kijijini anapaswa kujiuliza kabla ya kumwaga saruji: gridi ikifika, mimi nitakuwa nani? Kanuni zinampa njia. Anaweza kugeuka mzalishaji anayeiuzia TANESCO. Anaweza kugeuka msambazaji, ananunua kwa jumla kutoka TANESCO na kuendelea kuuza rejareja kwa wateja wake. Anaweza kufanya vyote viwili. Au anaondoka na kulipwa fidia ya nguzo na nyaya. Lakini nguzo zilizosimamishwa ovyo hazinunuliwi na mtu, kwa hiyo jenga kwa viwango vya TANESCO hata kama leo hakuna anayekukagua.

Tukirudi kwenye ruzuku. Kupitia mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, REA ilikuwa inalipa dola 500 kwa kila mteja mpya aliyeunganishwa kwenye gridi ndogo, yaani mtandao wa kijijini unaojitegemea. Angalia ilivyolipwa: baada ya kuunganisha, si kabla. Mtambo uliobaki kwenye makaratasi haukupata kitu. Kulikuwa pia na mchango wa gharama za upembuzi yakinifu, na dirisha la mikopo ya muda mrefu kupitia benki ya TIB, maana mtambo wa maji unalipa polepole na benki zetu za kawaida zinapenda mkopo wa miaka michache. Madirisha kama haya hufunguka na kufungwa kulingana na mfadhili. Ulizia REA lipi liko wazi kabla hujaandika andiko.

Pia kuna jambo lililoumiza, na elimu kwa umma isiyolitaja haijakamilika. Mwaka 2020 Serikali ilielekeza wenye gridi ndogo vijijini watoze shilingi 100 kwa uniti, sawa na mteja mdogo wa TANESCO, wakati baadhi yao walikuwa wanatoza zaidi ya 1,000. Ukimsikiliza mwanakijiji, ana hoja: kwa nini yeye alipe mara kumi ya mteja mdogo wa TANESCO? Ukimsikiliza aliyewekeza, naye ana hoja: aliambiwa na kanuni apatane bei, akakopa kwa bei hiyo. Mimi naona wote wawili wako sahihi, na pengo la katikati yao ndilo lililopaswa kujazwa na ile 3% ya REA kwenye LUKU yako. TANESCO yenyewe inaweza kuuza kwa mia kwa sababu mteja wa mjini analipa 292.

Kisha kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Gridi ikishiba, ile gharama inayoepukwa inashuka, na mzalishaji mdogo hasikilizwi kama zamani. Bado ana nafasi yake, na nafasi hiyo iko mwisho wa nyaya. Mtu anayekaa mwisho wa njia ndefu ya wilayani anaijua: saa mbili usiku taa inakuwa njano, friji inaunguruma bila kugandisha. Mtambo wa megawati mbili ukisukuma umeme kutokea upande ule, njia nzima inapata nguvu, na kipande kinachopotea njiani kinapungua.

Wenye bati la kupigwa jua mjini wana njia yao. Kanuni za mwaka 2018 zinamruhusu mteja wa TANESCO mwenye mtambo usiozidi megawati 1 afungiwe mita inayosoma pande mbili: mchana paneli zikizidi matumizi umeme unatoka, usiku unarudi, na hesabu inafanywa kwa uniti. Kenya imeingia njia hiyohiyo kwa Sheria ya Nishati ya 2019 na kanuni za 2024, ila kule uniti unayotoa inahesabiwa nusu tu. Wakenya wengi wamelalamika, lakini yule anayepokea umeme wako saa saba mchana ndiye anayegharamia nyaya na mitambo ya kukurudishia saa mbili usiku. Nyumba yenye watu kutwa, kama saluni, duka la samaki wa barafu au ofisi, inafaidi sola kuliko nyumba ambayo wote wametoka asubuhi, kwa sababu inautumia umeme hapohapo bila kumuuzia mtu.

Misamaha ya kodi kwenye vifaa vya sola ipo, lakini usipange biashara ya miaka kumi juu yake. Kenya iliondoa msamaha wa VAT kwa sheria ya fedha ya 2020, ikaurudisha 2021. Waliokuwa na makontena baharini mwaka ule wanajua walicholipa. Waulize TRA, mamlaka ya mapato, kifaa kwa kifaa, kwa maandishi: paneli, inveta na betri hazifuati lazima kanuni moja.

Mzee wa Ludewa alitaka kujua aanze kugonga mlango gani. Wengi huanza kwa mfadhili, wakamaliza fedha kabla ya kuwa na haki ya kutumia maji. Mlango wa kwanza ni wa Bodi ya Maji ya Bonde, kwa kibali, kwa sababu kijito kinachopita shambani kwako si chako. Pamoja na huo, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoonyesha kwamba walio chini yako wanajua maji yatapita kwenye bomba kisha kurudi. Halafu NEMC kwa mazingira, EWURA kwa usajili, na mwisho REA ukiwa na karatasi zote hizo mkononi pamoja na vipimo vya kiangazi cha angalau miaka miwili.

Alinisikiliza, akamgeukia mjukuu wake. "Hilo gunzi usilitupe," akamwambia. "Na mwakani tutapima."