Kabla hujaipandisha Lushoto hiyo dizeli uliyonunua jana

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na juzi kati mwalimu mmoja wa Lushoto, kule milimani, alitaka kuufuata hivyohivyo. Kanunua Hilux dabo kebini ya miaka ya 90, injini ya dizeli ya aina ya 3L, ilikuwa imepaki uani kwa mtu karibu na bahari zaidi ya mwaka bila kutembea. Kalipa hela, kapewa kadi na funguo, akanipigia saa nne asubuhi, "Shikamoo fundi, naomba uniangalizie oili na maji tu, nataka nifike nyumbani kabla ya magharibi." Nikamwambia marahaba mwalimu, ila leo huendi. Hakufurahi na namwelewa kabisa, mtu akishanunua gari anataka ionekane nyumbani. Ikakaa kwangu siku tatu, na hizo siku tatu ndo nataka niwaelezee maana nimeshapokea gari nyingi sana za kuvutwa kutoka njia ile na karibu zote zilikufa kwa kitu ambacho kingeonekana hapahapa Tanga.

Watu wakinunua dizeli kuukuu wanahangaika na injini. Wanafungua mfuniko wa oili waone kama inapumua, wanasikiliza mlio, wanaangalia moshi. Sawa, angalia, lakini ile injini ni chuma kizito, imetengenezwa kubeba mgandamizo mkubwa kuliko petroli na ikipata oili safi inaenda tu. Kinachoiua ni mpira na maji. Mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki, tena ikipaki ndo unaharibika vibaya, unakauka, unapasuka kwa ndani na kwa nje unauona mzima kabisa. Kwa hiyo mi nikipokea gari ya namna hii naanza na kila kitu cha mpira kilichopo pale mbele, injini yenyewe baadaye.

Cha kwanza taimingi belti. Injini hizi za L za Toyota, yaani 2L, 3L na 5L, belti yake inazungusha kemshafti inayofungua vali pamoja na pampu ya nozeli inayosukuma dizeli, na inatakiwa ibadilishwe kila kilomita 100,000. Sasa gari ya miaka thelathini hata mita yake huwezi kuiamini. Muuzaji akikwambia "ilibadilishwa juzi tu" mshukuru halafu ubadilishe yako, maana ikikatika vali zinagongana na pistoni na hapo hela uliyookoa huioni tena. Na ukishafungua pale mbele badilisha na beringi ya kukazia belti na sili za kemshafti na krenki, oili ikivujia belti mpya nayo haikai.

Kwa nje kuna mikanda ya feni, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mikanda ile inazungusha feni, wota pampu na oltaneta, na nyuma ya oltaneta ya hizi injini kuna pampu ndogo ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa ili breki iwe laini. Gari ya petroli inapata vakyumu ya breki bure kwenye manifodi, yaani bomba lake la kuingizia hewa, dizeli haipati kwa sababu hewa inaingia wazi haina kitu cha kuibana, ndo maana ikawekewa pampu. Kwa hiyo mikanda ikikatika uko katikati ya mlima unapoteza chaji, unapoteza mzunguko wa maji, na pedo ya breki inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe. Kuna kitu kingine wengi hawakijui, ile pampu inalainishwa na oili ya injini kupitia kihozi cha mpira. Kihozi kikipasuka kinamwaga oili ya injini nje na dereva hana habari mpaka taa ya oili iwake. Cha mwalimu kilikuwa kinatoa jasho, ukikikunja unaona nyufa. Tulibadilisha vyote, mikanda na vihozi, na mikanda ya zamani iliyokuwa na nafuu tukaiweka chini ya siti iwe akiba.

Sasa maji. Kutoka Tanga mpaka Mombo njia ni rahisi, Muheza, Segera, Korogwe, lami nzuri na gari inapata upepo. Kazi iko Mombo kwenda Lushoto, ni kama kilomita 33 tu lakini unapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona, gia ndogo, upepo kidogo, mzigo mkubwa. Kama mfumo wa maji una kasoro yoyote ile itajulikana hapo, haiwezi kujificha.

Nitawaambia kisa changu. Miaka ya nyuma nilimwandalia mteja dizeli kama hii, nikabadilisha hozi ya juu na ya chini za rejeta, nikaacha kihozi kimoja kifupi kilichojificha nyuma chini ya manifodi kwa sababu kukifikia ni shida na kwa macho kilikuwa kizima. Kilipasuka kabla ya Soni, njiani kupanda Lushoto. Yule mzee aliendelea kuendesha kwa sababu mshale wa joto ulishuka akajua gari imepoa, kumbe maji yameisha na ile sensa iko hewani, haigusi maji, inasoma uongo. Hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, ikapasuka. Nililipa upande wangu, na tangu siku hiyo hakuna kihozi nakiacha kwa sababu ya shida ya kukifikia. Kwa hiyo mkumbuke, mshale ukipanda simama, na mshale ukishuka ghafla mlimani simama haraka zaidi.

Mfuniko wa rejeta nao ni wa kubadilisha tu usiufikirie mara mbili. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 unashikilia mgandamizo mpaka maji yachemke karibu nyuzi 118. Ukiwa mbovu haushikilii, na kule Lushoto kwa ule urefu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe. Halafu thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huku pwani wanaitoa wanasema joto letu halihitaji. Mi nakataa kabisa. Injini bila thamostati inafanya kazi ikiwa baridi njia nzima na inakula dizeli, na zile injini ambazo thamostati yake ina vali ya pili ya kufunga njia ya mkato ukiitoa unaiacha ile njia wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, yaani umeitoa ili ipoe na mlimani inachemsha zaidi. Rudisheni thamostati jamani.

Kujua kama gasketi ya hedi ni nzima, fungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi, piga stata, angalia maji. Yakitoa povu mfululizo bila kukoma, au hozi ya juu ikawa ngumu ndani ya dakika moja mbili kabla hata injini haijapata moto, gesi ya injini inapita kuingia kwenye maji. Hiyo gari haipandi Lushoto, na kama hujamalizia hela usimalizie.

Dizeli iliyokaa kwenye tenki mwaka mzima huku kwenye unyevu wa pwani inakuwa na maji chini na ule uchafu mweusi kama utelezi. Tulishusha tenki, tukaosha, tukaweka dizeli mpya na filta mpya, na mwalimu nikampa filta ya pili akae nayo kwenye gari kwa sababu uchafu uliobaki kwenye mabomba lazima uje. Nikamfundisha kubadilisha mwenyewe, unafungua, unajaza, unapampu kwa mkono kile kitufe cha juu ya filta mpaka kiwe kigumu, upepo unatoka, unawasha. Vile vihozi vidogo vya kurudisha mafuta juu ya nozeli navyo badilisha, ni bei ndogo sana, vikipasuka gari inavuta upepo na asubuhi inasumbua kuwaka unaanza kulaumu pampu bure.

Na hita za kuwashia, yaani gloplagi. Hapa Tanga hata zikiwa zimekufa gari inaweza kuwaka kwa sababu joto lipo, ndo maana muuzaji hata hakujua kwamba tatu zimekufa. Mwalimu angeijua ishu hiyo asubuhi ya kwanza ya baridi kule juu, anapiga stata mpaka betri inaisha. Unapima kila moja na mita, nzima inasoma kama omu moja hivi, iliyokufa haisomi kitu.

Chini ya gari, ukinunua iliyokaa karibu na bahari chukua nyundo ndogo ugonge chesisi, hasa pale juu ya springi za nyuma, mlio ukibadilika kuna kutu kwa ndani. Mabomba ya chuma ya breki ukiyakwangua na kucha yakabomoka usiendeshe. Oili ya breki tulimwaga yote tukaweka mpya, inavuta unyevu na wakati wa kushuka mlima ikipata moto ule unyevu unachemka na pedo inazama. Tairi soma zile namba nne, 1514 maana yake wiki ya 15 ya mwaka 2014, na tairi la mwaka huo halipandi mlima hata kama kashata zake zimejaa, ni mpira uleule tunaouzungumza. Spea tairi pia isome.

Makaratasi sitakaa sana, mkataba wa mauziano wenye sahihi, kadi halisi, bima hai uhakikishe inasoma namba ya gari hiyo, angalia kama kuna faini za nyuma, anza kuhamisha umiliki TRA mapema. Mtungi wa zimamoto na pembetatu mbili.

Siku ya tatu tulienda Pongwe na kurudi, mwalimu anaendesha mi nasikiliza. Tuliporudi tukashika habu zote nne, yaani vitovu vya magurudumu, kwa mkono, vuguvugu ni sawa, moja ikikuunguza kuna beringi au breki inang'ang'ania. Ya mbele kushoto ilikuwa moto kuliko zingine, tukafungua, pini za kalipa, ile inayobana pedi za breki, zimeganda kwa kutu, tukasafisha na kuzipaka grisi. Tungeikuta wapi hiyo kama tusingeenda Pongwe?

Nilimwandikia kwenye karatasi jinsi ya kwenda. Simama Muheza, shika habu, chungulia chini kama kuna tone. Segera tena. Mombo pumzika nusu saa, kunywa chai, angalia kiwango kwenye chupa ya akiba ya maji ya rejeta lakini mfuniko wa rejeta usiuguse ukiwa wa moto. Ukianza kupanda usiing'ang'anize gia kubwa, shusha gia mapema injini izunguke 2,000 na kitu, feni na wota pampu zinazunguka kwa kasi ya injini kwa hiyo ukiiburuza taratabu kwenye gia kubwa unaipa mzigo huku unainyima upepo na maji. Mshale ukianza kupanda zima AC, fungua hita ya ndani na madirisha, joto linatoka hapo pia. Mshale usiposhuka paki, iache ingurume bila mzigo dakika chache, na hata ikichemsha vipi usimwagie maji ya baridi.

Aliondoka alfajiri baada ya swala. Saa saba mchana akapiga simu yuko kwake, mshale haukuvuka nusu njia nzima, ila kuna unyevu kidogo kwenye klipu ya hozi ya chini. Nikamwambia isubiri ipoe kabisa ndo ukaze, robo mzunguko tu, hozi mpya hukaa vizuri baada ya kupata moto mara ya kwanza. Asubuhi yake akanitumia sauti ya gari ikiwaka, sekunde kumi na tano za hita na stata moja.