Kwa nini ukishinda mechi tano mfululizo, ya sita unakutana na moto?

Kila anayecheza gemu za mtandaoni analijua hili. Jioni inaanza vizuri, unashinda, unashinda tena, daraja linapanda, kisha ghafla unapangiwa watu wanaocheza kama wanalipwa mshahara. Mechi chache baadaye umerudi pale pale ulipoanzia. Vijiweni maelezo huwa ni yale yale: gemu imeamua kukushusha. Kinachotokea ni kitu kingine kabisa. Mfumo unaopanga mechi hautoi zawadi wala adhabu. Kazi yake ni kukisia: kabla mechi haijaanza umeshakadiria upande upi utashinda na kwa uwezekano gani, na mechi ikiisha unajisahihisha kwa kadiri ulivyokosea.

Hesabu yenyewe ilitoka kwenye sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani, aliibuni ili kupima nguvu za wachezaji. Chama cha sataranji cha Marekani kilianza kuitumia mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likafuata mwaka 1970. Kila mchezaji anapewa namba moja, na tofauti kati ya namba mbili ndiyo inayotabiri matokeo. Mkilingana, kila mmoja ana nafasi ya asilimia 50. Ukimzidi mwenzako alama 100, nafasi yako ni kama asilimia 64. Ukimzidi 200 inafika 76, na ukimzidi 400 inafika 91.

Tuiangalie mechi moja kwa karibu. Asha ana alama 1500, Baraka ana 1700. Mfumo unampa Asha nafasi ya asilimia 24. Tuseme alama nyingi kabisa zinazoweza kuhama katika mechi moja ni 20. Asha akishinda, amepata 1 wakati alitarajiwa kupata 0.24, kwa hiyo tofauti ya 0.76 inazidishwa kwa 20 na anaongezewa alama 15. Akifungwa anapoteza 0.24 mara 20, yaani alama 5 tu. Kwa Baraka ni kinyume chake: ushindi unampa 5, kipigo kinamgharimu 15. Sasa chukua mechi 100 za aina hiyo. Kama Asha kweli ni wa kushinda 24 kati yake, atavuna takriban alama 365 na kupoteza takriban 365. Hatapanda wala hatashuka, kwa sababu namba yake inasema kweli. Akishinda 35, atapanda, maana mfumo ulikuwa umemkadiria chini ya uwezo wake.

Hapo ndipo lilipo jibu la mechi ya sita. Kila ushindi unakusogeza juu, na wapinzani wako wanachaguliwa kwa namba yako mpya. Unaendelea kupanda hadi unawafikia watu ambao ukikutana nao mara kumi, unawafunga tano nao wanakufunga tano. Ukiona unashinda karibu nusu ya mechi zako, namba yako imetulia mahali pake. Mwenye kiwango cha kati hushinda nusu, na fundi aliye juu naye hushinda karibu nusu, ila dhidi ya mafundi wenzake.

Kuna jambo la pili ambalo macho yetu hulisoma vibaya, nalo ni mfululizo wa vipigo. Taja upande mmoja wa sarafu isiyo na hila, kisha uirushe mara 100: uwezekano wa upande huo kutokea mara tano mfululizo, angalau mara moja, ni kama asilimia 81. Kwa hiyo mchezaji anayepangiwa wapinzani sawa naye kabisa bado anatakiwa kutarajia vipigo vitano vya kufuatana ndani ya mechi 100. Havihitaji mkono wa mtu.

Namba moja haitoshi

Udhaifu wa hesabu ya Elo ni kwamba haijui inajua kiasi gani. Mwenye mechi 5 na mwenye mechi 5,000 wanaweza kuwa na 1500 wote wawili, wakati ya kwanza ni kubahatisha na ya pili ni ushahidi. FIDE hulirekebisha hili kwa kubadilisha kile kiasi cha juu cha alama zinazoweza kuhama katika mechi moja: 40 kwa mchezaji mgeni, 20 kwa walio wengi, na 10 kwa aliyewahi kufika 2400. Mwaka 1995 Mark Glickman, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, alikuja na njia bora zaidi aliyoiita Glicko: kila mchezaji awe na namba mbili, ya kiwango na ya shaka. Mgeni ana shaka kubwa, hivyo mechi moja inaweza kumsogeza mbali sana. Kadiri anavyocheza, shaka inapungua na hatua zinakuwa ndogo. Akikaa miezi bila kucheza, shaka inakua tena.

Ukitaka kuiona kwa macho, fungua akaunti kwenye Lichess, tovuti ya sataranji isiyotoza hata senti. Utaanza na 1500 yenye alama ya kuuliza pembeni. Mechi ya kwanza inaweza kukupandisha au kukushusha kwa zaidi ya alama 100. Alama ya kuuliza ikiondoka, mfumo umepata uhakika wa kutosha, na mechi moja itakuhamisha alama chache tu. Gemu ya Dota 2 nayo ilihamia Glicko mwaka 2023. Zile mechi za kupangiwa daraja mwanzoni mwa msimu, ambazo gemu nyingi hukulazimisha uzicheze, kazi yake ni hiyo hiyo ya kupunguza shaka haraka.

Timu zilileta ugumu mwingine. Watano wakishinda, nani kawabeba? Watafiti wa Microsoft walioko Cambridge, Uingereza, walitengeneza TrueSkill, iliyoanza kazi na mashine ya gemu ya Xbox 360 mwaka 2005. Kila mchezaji anaanza na kiwango 25 na shaka 8.33, na kinachoonyeshwa ni kiwango ukitoa shaka mara tatu. Fanya hesabu: 25 ukitoa 25 ni sifuri. Kwa hiyo kila mgeni anaonekana yuko chini kabisa, ingawa ndani mfumo unamhesabu kuwa wa kati. Microsoft ilieleza pia mechi zinazohitajika ili kiwango cha mtu kijulikane: kama 12 kwa mmoja dhidi ya mmoja, 46 kwa wanne dhidi ya wanne, na 91 kwa wanane dhidi ya wanane. Timu ikiwa kubwa, mchango wako unafichwa na wa wenzako, na ushahidi unakuja polepole.

Hilo linagusa lawama maarufu kuliko zote, kwamba wenzangu ndio wananishusha. Tuseme wewe ni bora kwa alama 200 kuliko kila mtu katika mechi ya watano kwa watano. Wastani wa timu yako unapanda kwa alama 40 tu, na nafasi yenu ya kushinda inakuwa kama asilimia 56. Katika mechi 100 hiyo ni ushindi 56 kwa vipigo 44. Unapanda, lakini taratibu sana, na mechi kumi za jioni moja haziwezi kuonyesha chochote. Tuseme tena kwamba kila mchezaji mmoja kati ya kumi anaacha mechi katikati au anaiharibu. Uwezekano wa kumpata angalau mmoja kati ya wenzako wanne ni asilimia 34. Kati ya wapinzani watano ni asilimia 41. Ukiwa wewe si miongoni mwa waharibifu, hesabu iko upande wako, ila unakumbuka zaidi yule aliyeharibu kwako.

Ndani ya foleni

Ukibonyeza kitufe cha kutafuta mechi, seva inapokea tiketi yenye namba zako, aina ya mechi, idadi ya watu katika kikosi chako na kasi ya mtandao wako kufika kila kituo cha seva. Utafutaji unaanza kwa dirisha jembamba, kwa mfano wapinzani wasiokuzidi wala kupungukiwa na zaidi ya alama 50. Wasipopatikana kwa sekunde kadhaa, dirisha linafunguka hadi 100, kisha 200, na kuendelea. Kila gemu ina vipimo vyake, lakini mvutano ni ule ule popote: mechi yenye usawa, mtandao mzuri, na kusubiri kidogo. Mara nyingi unapata viwili, cha tatu unakikosa.

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki, mtandao ndio unaoumiza kuliko vyote. Mwanga ndani ya kebo ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 25. Hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, yaani milisekunde 70 zisizokwepeka. Kebo hazinyooki, na kila kituo cha njiani kinaongeza chake, kwa hiyo pingi halisi, yaani muda wa kwenda na kurudi, huwa kubwa zaidi. Ukichagua seva ya Ulaya kwa sababu foleni yake ina watu wengi, unapata mechi upesi lakini kila risasi yako inafika imechelewa. Ukichagua seva iliyo karibu nawe, lakini ukacheza saa tisa usiku, watu ni wachache, dirisha linafunguka mpaka mwisho, na unaweza kukutanishwa na mtu aliyekuzidi alama 500. Cheza saa za jioni, kwenye aina ya mechi inayochezwa na wengi, na mechi zako zitakuwa na usawa zaidi bila wewe kubadilisha kingine chochote.

Vikosi navyo vinapewa uzito wake. Watano wanaofahamiana na kusikilizana kwa sauti wana nguvu kuliko watano wageni wenye namba zile zile, kwa hiyo mifumo mingi huongezea kikosi alama za kufikirika au hukikutanisha na kikosi kingine. Mmoja wenu akiwa fundi na mwingine mwanafunzi, baadhi ya gemu hupima kikosi kizima karibu na kiwango cha fundi. Mwanafunzi ndiye anayeumia.

Pale wachezaji wa kweli wasipotosha, boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, hujaza nafasi. Epic Games ilitangaza boti katika Fortnite Septemba 2019, na PUBG ya kompyuta ikaziweka mwaka 2020. Lengo lilikuwa kumpa mgeni nafasi ya kujifunza badala ya kuuawa dakika ya kwanza kila mara.

Daraja unaloliona si namba inayokupangia mechi

Hili ndilo lenye mkanganyiko mkubwa. Gemu nyingi zina namba mbili: ya siri, ambayo wachezaji huiita MMR na ndiyo inayochagua wapinzani, na daraja la kuonyesha, kama Shaba, Fedha, Dhahabu na Almasi. League of Legends ilitenganisha vitu hivyo viwili mwaka 2013. Daraja hushushwa msimu mpya unapoanza ili watu wapate kitu cha kupigania, lakini mara nyingi namba ya siri haifutwi.

Unaweza kuikisia kwa kuangalia alama zako. Ukiona ushindi unakupa 15 na kipigo kinakuondolea 25, daraja lako limeitangulia namba yako ya siri, na mfumo unakurudisha taratibu. Ikiwa unapata 28 na kupoteza 18, uko chini ya unapostahili na utapanda upesi. Ndiyo sababu kununua akaunti ya daraja la juu, au kumlipa mtu akupandishie, ni kutupa pesa: namba ya siri iko juu kuliko uwezo wako, unachapwa mechi baada ya mechi, na wenzako wanne wanaharibikiwa pamoja nawe. Fundi anayefungua akaunti mpya ili awapige wageni anafanya uharibifu kama huo kutokea upande wa pili, na shaka kubwa ya akaunti changa iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye: akishinda kwa kishindo mara kadhaa, anapandishwa kwa hatua kubwa.

Je, kampuni zinaweza kuupinda mfumo kwa faida yao? Uwezo upo. Mwaka 2017 watafiti wa Electronic Arts walichapisha njia ya kupanga mechi ili mchezaji asiondoke, badala ya kutafuta usawa tu, na mwaka huo huo kampuni ya gemu ya Activision ilipata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya kupanga mechi kwa namna ya kumshawishi mtu anunue vitu. Activision ilisema haikuitumia ndani ya gemu. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilichapisha matokeo ya jaribio lake katika Call of Duty: ilipolegeza kigezo cha uwezo, watu wengi zaidi waliacha mechi katikati, hasa wenye viwango vya chini. Ni utafiti wa kampuni kuhusu bidhaa yake, nao usomwe hivyo, lakini unaendana na hesabu tulizopitia. Tungependa kampuni zote zichapishe vipimo vyao waziwazi kama Lichess inavyofanya, ambayo hata msimbo wa programu yake uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Ukitaka kujipima mwenyewe, usihesabu mechi za leo. Chukua mechi zako 50 za mwisho za aina moja, kwenye seva moja, na uhesabu ushindi. Kati ya 21 na 29, ni bahati tu inayocheza na uko mahali pako. Zikifika 32 au zaidi, endelea kucheza, daraja litakufuata.