Ufini ipo, na reli ya Siberia haikujengwa kwa ajili ya samaki

Mwaka 2014 mtumiaji mmoja wa Reddit, mtandao wa majadiliano, alisimulia kwamba wazazi wake walimlea akiamini Ufini haipo: pale inapochorwa kwenye ramani ni maji matupu ya Bahari ya Baltiki. Watu walicheka, wakatia chumvi, hadi hadithi ikakamilika. Eti Japani na Umoja wa Kisovieti walibuni nchi hewa ili Wajapani wavue humo bila kuulizwa, kisha samaki wasafirishwe hadi Japani kwa reli ya Siberia, inayovuka Urusi, ndani ya masanduku ya Nokia, kampuni ya simu ya Ufini.

Wengi wanaoisambaza wanatania tu, Wafini wenyewe wakiwamo. Lakini wapo wanaouliza kwa dhati.

Ujenzi wa reli hiyo ulianza 1891, wakati mfalme wa Urusi ndiye aliyetawala pia Ufini. Umoja wa Kisovieti ulikuwa haujazaliwa. Tena reli yenyewe inaanzia Moscow, mbali na pwani yoyote. Nokia nayo ilianza 1865 kama kiwanda cha kusaga mbao za kutengenezea karatasi. Simu zilikuja baadaye sana.

Kisha kuna mpaka wa nchi kavu kati ya Ufini na Urusi, takriban kilomita 1,340. Bahari haina mpaka wa namna hiyo.

Watanzania wana ushahidi wa karibu zaidi. Martti Ahtisaari, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani 2008, alikuwa balozi wa Ufini Dar es Salaam miaka ya 1970, kabla hajawa rais wa nchi hiyo inayosemekana haipo.