Dishi halijui kama umelipia

Wiki iliyopita nimekuta dishi zima la sentimita 80 limefunikia pipa la maji. LNB yake, yaani kile kichwa kidogo cha mbele kinachopokea mawimbi, inaning'inia kwenye waya kama jino la mtoto linalosubiri kung'oka. Nikamuuliza mwenye nyumba kulikoni, akanijibu kwa upole wote: "Fundi, si walishalizima? Kifurushi kimeisha tangu mwaka jana."

Walizime dishi! Bati lililopindwa likapakwa rangi!

Sikucheka, maana mwezi huu huyo ni wa tatu, na wa pili alikuwa fundi mwenzangu. Basi leo naandika, ili safari ijayo nimtumie mtu maandishi haya badala ya kusimama juani nikihubiri.

Dishi ni kioo tu. Linakusanya mawimbi na kuyamwaga mahali pamoja, pale LNB ilipo. Halina swichi wala kumbukumbu, na jina lako halimo. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, inamwaga matangazo juu ya nchi chungu nzima kwa mkupuo mmoja, na haina habari kama huku chini kuna dishi moja au milioni moja. Hakuna kitu kinachopanda kutoka kwako kwenda kwake. LNB nayo inapokea amri za king'amuzi chako peke yake: kikipeleka volti 13 inachukua mawimbi ya wima, 18 ya mlalo, na kama ni ya Ku ya kawaida (bendi ya madishi madogo ya nyumbani), mlio wa kilohezi 22 ukipita kwenye waya inahamia bendi ya juu. Katika mazungumzo hayo yote hakuna anayeuliza habari za pesa.

Pesa inakaa kwenye kadi. Chaneli iliyofungwa inakuja imevurugwa, na ufunguo wa kuinyoosha unabadilika kila baada ya sekunde chache. Ufunguo huo unasafiri humo humo kwenye mawimbi, lakini umefichwa, na kadi ndiyo inayojua kuufichua ikiwa ruhusa yake bado hai. Ukilipia, kampuni inarusha angani ujumbe wenye namba ya kadi yako. Ujumbe huo unafika kwa kila dishi linalotazama setilaiti ile, la jirani na la mtu usiyemjua nchi ya tatu, ila kadi yako tu ndiyo inayoitika. Ndiyo sababu ukishalipa unaambiwa uache king'amuzi kimewaka: kadi lazima iwe macho jina lake linapoitwa. Usipolipa, ruhusa inaisha, na kilichozimika ni hicho tu. Chaneli ambayo haikufungwa haipiti kwenye kadi kabisa. Inatoka angani, inaingia kwenye LNB, inateremka kwenye waya, inakuwa picha.

Sasa niwatendee haki wateja wangu, maana imani hii haikuota hewani. Ving'amuzi vingi vya kampuni vimeandikiwa programu inayokagua kadi kwanza, na visipoiona iko hai vinagoma, hata kwa chaneli zilizo wazi kabisa. Vingine havina hata menyu ya kuingiza masafa kwa mkono. Mtu anabonyeza rimoti mwanzo hadi mwisho anakutana na giza, afikirie nini tena? Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi hicho, uchomeke kwenye risiva ya kawaida ya FTA (ya chaneli za wazi) isiyo ya kampuni yoyote, tafuta chaneli upya. Dishi lile lile, LNB ile ile. (Isipokuwa kama LNB ni zile za mtindo wa pekee ambazo kampuni nyingine hufunga, hizo risiva ya kawaida haiziongozi, ubadilishe.) Utapata chaneli ngapi? Inategemea setilaiti ambayo dishi linaitazama. Nyingine zimejaa chaneli za wazi. Nyingine zina mahubiri, mauzo ya vyungu na ukurasa wa majaribio wenye mistari ya rangi. Hapo itabidi kuligeuza dishi.

Linaloniudhi kuliko dishi la kwenye pipa ni neno "bure". Watu wanaingiza vitu vitatu kwenye mfuko mmoja kisha wanagombana na mimi.

Kuna chaneli ya wazi, ambayo haikufungwa tangu inaporushwa. Al Jazeera ya Kiingereza, DW, France 24, NHK World: wanataka utazame, ndiyo kazi yao, na risiva yoyote inayoelewa mtindo wao wa kurusha itawaonyesha. Kuna chaneli iliyofungwa lakini isiyolipiwa kifurushi. Ufaransa kuna Fransat: unanunua kifaa na kadi yake, na kila mwezi hudaiwi kitu. Chaneli kuu za ORF, shirika la utangazaji la Austria, nazo zimefungwa kwenye setilaiti za Astra, na kadi zake ni kwa ajili ya wakazi wa Austria. Halafu kuna ya kulipia, hiyo haina mjadala.

Mtu akishajua kwamba ile ya katikati ipo, swali linakuja lenyewe: kama hutaki pesa yangu, kufuli la nini? Jibu ni haki za matangazo. Kituo kimenunua filamu au mechi kwa ajili ya nchi moja, na bei imepangwa kwa nchi moja. Mawimbi ya setilaiti hayana paspoti, yanavuka mpaka na kuonekana kwa majirani ambao haki zao zimeuzwa kwa mtu mwingine. Kufuli linawazuia hao. BBC walipata njia nyingine mwaka 2003: waliondoa kufuli kwenye matangazo yao ya setilaiti, wakahamia kwenye Astra 2D, ambayo mwale wake ulikuwa mwembamba, umeelekezwa Uingereza na kando kando yake. Ukiwa ndani ya mwale unatazama bila kadi. Ukiwa nje yake ni wazi vile vile, ila mawimbi hayakufikii na dishi lako la sentimita 80. Kwa hiyo hata "wazi" ina mipaka, na mipaka yenyewe imechorwa kwa umbo la antena iliyoko huko juu.

Rudia nami: bure ni uamuzi wa kituo, si sifa ya kifaa. Hakuna king'amuzi "cha bure". Kuna king'amuzi kinachopokea kile ambacho wenyewe wameamua kukiacha wazi. Ukiuziwa boksi linalodaiwa kufungua chaneli zote za kulipia, ujue umeuziwa kadi ya mtu mwingine inayogawanywa kwa siri kupitia intaneti. Huo ni wizi, na tena ni wizi wenye huduma mbovu, maana seva huwa inakata roho dakika ya 80 ya mechi halafu simu napigiwa mimi. Sifungi, usiniulize. Na wanaonitumia ujumbe "fundi nipe funguo za BISS": BISS ni aina ya kufuli, na ilitengenezwa kulinda picha zinazosafirishwa kutoka uwanjani kwenda kituoni. Wenyewe wakibadilisha ufunguo, sherehe yako imeisha.

Tuje kwenye mistari miwili. Risiva karibu zote zina ukurasa wenye mstari wa nguvu na mstari wa ubora. Watu, mafundi wakiwemo, wanafukuza mstari wa nguvu. Naomba mfanye jaribio: geuza dishi litazame ukuta. Nguvu itabaki pale pale kwenye asilimia 50 au 60. Hiyo ni kelele ya LNB yenyewe, na risiva inaihesabu kama mzigo halali. Nguvu inakwambia kwamba waya umefika na LNB inapata umeme, basi. Ubora ndio unaosema kama ndani ya kelele hiyo kuna kitu kinachoeleweka. Nguvu 90 na ubora sifuri maana yake dishi linatazama anga tupu au setilaiti nyingine. Nimewahi kumkuta mtu ameweka kikuza mawimbi juu ya kikuza mawimbi ili "kuongeza nguvu". Alikuwa anakuza kelele.

Na kuligeuza dishi si kuligeuza kama mlango. Kwa dishi la sentimita 80 kwenye bendi ya Ku, mwale wake una upana wa digrii 2 na kidogo. Digrii moja ukiipima kwenye ukingo wa dishi ni milimita 7, upana wa penseli. Ukisukuma upana wa penseli umeshapoteza karibu nusu ya mawimbi, ukisukuma penseli mbili umeikosa setilaiti kabisa. Kwa hiyo: sogeza kidogo, subiri risiva ifikiri, maana ubora unachelewa sekunde mbili tatu kupanda, kisha sogeza tena. Anayezungusha huku akipiga kelele "bado? bado?" kwa mtu aliye sebuleni amepita juu ya setilaiti mara sita bila kujua. Kumbuka pia kwamba madishi mengi ya Ku yana LNB iliyokaa chini, si katikati, kwa hiyo dishi linaloonekana limesimama wima kumbe linatazama juu digrii 20 na zaidi. Usiliamini jicho lako.

Hapa niseme yasiyoandikwa vitabuni. Asilimia hizo hazina kipimo cha pamoja: ubora 65 wa risiva moja ni 40 ya nyingine, na kila mtengenezaji amejichorea rula yake. Kuizungusha LNB kwenye kishikio chake kuna hesabu, naijua, lakini siku nyingi naishika kwa vidole naizungusha huku nikitazama ubora, na jibu linatoka zuri kuliko hesabu. Kuna masafa mengine yanagoma wakati majirani zake wa kushoto na kulia wanaingia vizuri. Nabadilisha waya, yanakubali, na sina hakika kama dawa ilikuwa waya mpya au ni kule kuchomoa na kuchomeka. Kuna nyumba moja nililaumu waya wa watu wiki nzima, kumbe maji yaliingia kwenye kiunganishi nilichofunga mimi mwenyewe bila mpira. Wamenisamehe. Nadhani.

La mwisho kabla sijachoka: chaneli inaweza kuwa wazi kabisa na bado usiione kwa sababu risiva yako ni ya zamani. DVB-S2, mtindo mpya wa kurusha matangazo ya setilaiti, ilipitishwa 2005, na risiva ya DVB-S tupu, mtindo wa kwanza, haioni hata kama kuna kitu. Ukipata sauti bila picha, mara nyingi ni picha iliyobanwa kwa njia mpya, H.264 au H.265, kwenye risiva inayojua ile ya zamani, MPEG-2, tu. Januari 2025 ARD, shirika la utangazaji la Ujerumani, ilizima matangazo yake ya ubora wa kawaida kwenye setilaiti, ikabaki na HD. Hakuna kufuli lililowekwa wala bili iliyotumwa, lakini mwenye risiva ya kizamani aliachwa na skrini nyeusi. Ukinunua leo, hakikisha ni S2 na H.265.

Antena ya kawaida ya juu ya nyumba inafuata sheria hizo hizo, tena kwa urahisi zaidi. Hakuna "antena ya dijitali". Ile ya UHF iliyokuwa inapokea analojia inapokea DVB-T2 (dijitali ya minara ya ardhini) vilevile, na kama televisheni yako ina T2 ndani, huhitaji hata king'amuzi. Tofauti ni kwamba zamani picha mbaya ilikuwa na chenga ukavumilia. Siku hizi iko au haipo.

Dishi la kwenye pipa nililirudisha juu siku ile ile. Lilikuwa limebonyea kidogo ukingoni, nikalinyoosha kwa mkono. Baada ya nusu saa ya milimita, chaneli za wazi zikaanza kujipanga kwenye orodha. Mwenye nyumba akasimama nyuma yangu anazihesabu, akaniuliza kwa sauti ya chini hizi atazilipia tarehe ngapi. Nikamwambia tarehe haipo.

Jana amenipigia. Mbili zimepotea, ina maana wameshamkata. Nimemwambia wamehama masafa, aingie kwenye menyu atafute upya. Amesema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi kwanza, aone.